Wiki Mia Sita na Kumi na Mbili

Kila siku ya kazi, saa mbili kasorobo asubuhi, Levina alipita mlangoni kwangu akasema, "Shikamoo, Mama Beatus," nami nilijibu "Marahaba" bila kuinua kichwa kutoka kwenye rejista ya wazazi. Halafu nilisikia ufunguo, kiti kikivutwa, na ile mashine yake ya altrasaundi ikianza kunguruma. Ilikuwa inachukua dakika tisa kuwaka. Katika dakika hizo mtu angeweza kuchemsha chai, akainywa, na kikombe akakiosha.

Mimi ni mkunga. Nina miaka hamsini na nane, nimezalisha hapa Ifakara akina mama ambao sasa nawazalisha na mabinti zao, na mdomo wangu hauna mlango. Uliza Lumemo nzima watakuambia. Daktari akichelewa namwambia. Mume akija leba ananuka pombe namwambia mbele ya wakwe zake. Kwa hiyo nikisema kuna jambo moja nililinyamazia miaka kumi na moja, wanaonijua wataona natunga. Situngi. Naliandika kwa sababu limeshasemwa na limeshanigharimu, na sitaki lisimuliwe na wengine kwa namna yao.

Nianze na mashine. Tulipewa msaada na parokia moja ya Ujerumani, na ilipotufikia ilikuwa imeshatumika huko mpaka imechoka. Kioo chake ni kile cha zamani chenye mgongo mkubwa. Ndani inaendeshwa na Windows XP, ambayo wenyewe walioitengeneza waliacha kuihudumia mwaka 2014. Kompyuta zote za kituo chetu cha afya zilishabadilishwa, ya mapokezi, ya maabara, ya duka la dawa. Ya Levina ilibaki. Flashi ilikuwa haizitambui tena, sehemu ya kutia CD ilikuwa imeziba, na ukijaribu kukipiga picha kile kioo kwa simu unapata michirizi myeusi. Kila aliyekuja na wazo la kuibadilisha, Levina alimpa sababu. Mara ameizoea, mara mpya zinaharibika upesi, mara wagonjwa ni wengi mwezi huu.

Sababu ya kweli tuliijua wawili. Mashine za namna ile zina utaratibu: ukimaliza kumpima mama, unabonyeza kufunga uchunguzi. Usipoufunga unabaki wazi, na kila ukiwasha mashine inakukumbusha. Ya Levina, kila asubuhi baada ya zile dakika tisa, ilileta kisanduku cha kijivu katikati ya kioo. Kwa Kiingereza chake kilisema kuna uchunguzi mmoja haujafungwa, jina Levina M., na chini ya jina kikaandika umri wa mimba. Mashine haina akili. Inachojua ni tarehe ya hedhi ya mwisho na tarehe ya leo, inatoa moja kwenye nyingine. Asubuhi ninayotaka kuisimulia iliandika wiki mia sita na kumi na mbili na siku mbili.

Mimba ya binadamu ni wiki arobaini. Hata tembo wa Udzungwa hafikishi mia. Levina alikisoma kisanduku chote, akachagua "Baadaye", akaita mgonjwa wa kwanza. Alifanya hivyo kila siku ya kazi kwa miaka kumi na moja.

Machi ile ya 2014 alikuwa bado mgeni kazini, ana mimba yake ya kwanza. Siku ya Jumanne, wagonjwa walipokwisha, alijilaza kwenye kitanda chake mwenyewe, akajipaka jeli, akajipima, mimi nikimgeuzia kioo aone. Wiki thelathini na saba kamili. Mtoto alikuwa wa kike, kaweka mkono chini ya kidevu kama mama mkwe anayesubiri kuelezwa jambo. Tulicheka sana. Levina alirekodi kipande cha sekunde nane kinachojirudia: mkono, kidevu, na moyo ukipiga mia na arobaini na mbili kwa dakika. Alitoa na picha moja ya karatasi. Kabla hajafunga uchunguzi umeme ukakatika, akasema ataufunga kesho.

Kesho yake ilinyesha siku nzima na mto Lumemo ukatoka kwenye kingo zake. Alhamisi Levina alianza kutokwa damu. Alipasuliwa hapa hapa kituoni, kwa dawa ya usingizi, na alipozinduka mtoto hakuwepo. Tulimwambia amezaliwa amekufa. Nasema tulimwambia, lakini aliyesema ni mimi, na aliyeandika kwenye rejista ni mimi. Alipotaka kufungua mdomo, mama mkwe wake, Bibi Tekla, alimwekea kiganja midomoni. "Usilie," akamwambia. "Utapata mwingine."

Kwetu, mtoto ambaye hakulia hana matanga. Wanaume hawaitwi, padri haitwi. Wanawake watu wazima wanamfunga kwenye kanga, wanamzika kimya, na mama yake haonyeshwi mahali. Haulizi na haambiwi, na akilia anaambiwa analifunga tumbo. Lakini mtoto akilia hata mara moja tu hapa duniani, huyo ni mtu. Ana msiba, ana watu wa kumlalia, na hazikwi mpaka baba yake awepo. Mimi nimekulia ndani ya mila hiyo na nimeitumikia bila kuiuliza swali.

Mwingine kweli alipatikana, na wa tatu pia. Ni wavulana, wanasoma, mmoja ana mdomo kama wangu. Hata hivyo uchunguzi haukufungwa. Mwaka ule wa kwanza nilimshauri aufunge, kwa upole, na mimi si mtu wa upole. Akanifungulia ile fomu ya mwisho kwenye kioo. Mashine ilitaka kujua mimba iliishaje, na majibu yalikuwa matatu: amezaliwa hai, amezaliwa mfu, haijulikani.

"Mimi naandika ninachokiona, Mama Beatus," alisema. "Mara ya mwisho mimi kumwona, moyo ulikuwa unapiga."

"Basi weka haijulikani."

"Yaani hakuna anayejua?"

Alinitazama. Nikamwambia nina mzazi leba, nikatoka. Hakukuwa na mzazi leba siku hiyo. Jibu nilikuwa nalo mimi, na halikuwa lile nililoliandika kwenye rejista.

Tangu hapo nilianza kukiogopa kile kisanduku. Nilitafuta visingizio vya kutoingia chumba cha Levina asubuhi, na bado nilizijua wiki, maana hesabu ikishamwingia mtu kichwani haitoki. Wiki ya mia nne ilipofika niliwaza kwamba angekuwa darasa la kwanza. Wiki ya mia sita nikawaza angekuwa msichana wa kutumwa dukani, anapita mlangoni kwangu na kuniamkia. Nilipika nikiwaza hivyo, nilisali rozari nikiwaza hivyo. Mtoto yule alikuwa anakua, na waliomlea ni mashine mbovu na uongo wangu.

Na kulikuwa na jambo lingine. Levina alipenda kula chakula cha mchana chini ya mfenesi ulio nyuma ya wodi, amekalia matofali mawili, sahani mapajani. Sijui ni mara ngapi nilimwita. "Njoo ule ndani, huko kuna siafu." Yeye alicheka. "Siafu gani hao wa kuniogopa miaka yote hii," alinijibu, akaendelea kula.

Jumatano ya wiki hiyo, Machi iliyopita, alikuja fundi kutoka Morogoro, Kassian, mtu mwenye kitambi na maneno mengi. Alileta mashine mpya kwenye maboksi mawili. Safari hii hakuna aliyemwomba Levina ruhusa.

"Dada, hii Windows ni marehemu," Kassian alisema akiizunguka ile ya zamani. "Ilishazikwa kitambo. Nyinyi bado mnaiamkia asubuhi na kuitikia inawaitikia."

"Inafanya kazi," Levina akasema.

"Gari lisilo na breki nalo linafanya kazi, mpaka likutane na ng'ombe." Akamweleza utaratibu. Picha zote angezihamishia kwenye mashine mpya kwa waya wake maalumu, lakini zinazohama ni za uchunguzi uliofungwa tu. Ijumaa asubuhi angeiondoa ya zamani na kuifuta kabisa, kwa kuwa siri za wagonjwa haziachwi kwenye vyuma chakavu.

"Nikifunga," Levina akauliza, "zile wiki zitaendelea kuhesabiwa?"

"Wiki gani tena? Ukifunga, hesabu inasimama. Picha inabaki."

Levina alitoka nje. Kassian akanigeukia, akauliza kuna nini. "Kuna chai," nikamjibu, nikamwonyesha jikoni.

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivyo. Kabla ya Ijumaa Levina ajaze jibu ambalo hakuliona kwa macho yake, au ampoteze mtoto kabisa, maana ile picha ya karatasi aliyoiweka ndani ya misale, kitabu chake cha sala za misa, ilikuwa imefifia siku nyingi kwa joto la bati na kubaki nyeupe. Mimi nilikuwa na neno moja la kumpa. Jumatano hiyo nililibeba mpaka nyumbani, nikalala nalo, nikaamka nalo.

Alhamisi saa nne alikuja Sada. Mumewe ni mkata miwa wa huko mashamba ya sukari, naye alikuwa amekuja Lumemo kujifungulia kwa dada yake. Mimba ilikuwa ya wiki thelathini na tisa, na mtoto hakuwa amecheza tangu jana yake mchana. Niliweka sikio kwenye ile pembe yangu ya kusikilizia, nikasikia kitu cha mbali nisichojua ni cha mama au cha mtoto. Nikampeleka mwenyewe kwa Levina, kwa haraka.

Levina alishapaka jeli na kuanza kutafuta, umeme ukakatika. Ulirudi baada ya dakika mbili, nasi tukaanza kuzisubiri zile dakika tisa. Sada alinishika vidole viwili, hakuviachia. Hakuuliza kitu. Mwanamke mwenye mimba kubwa asiyeuliza kitu ni wa kumhofia.

Kioo kilipopata mwanga Levina alikuwa ameshaweka kile kifaa tumboni, macho yake yako hapo kwenye ngozi, na kidole cha mkono mwingine kinabonyeza kitufe cha kuanza. Mashine ilikuwa bado nzito. Kisanduku cha kijivu kilichelewa, kikatokea pale pale kidole kinaposhuka, na badala ya "Baadaye" kikapokea "Endelea".

Kioo kikajaa mtoto, na moyo wake unapiga.

"Moyo unapiga, mama," Levina akasema, na sauti yake ikalegea kwa nafuu. "Mia na arobaini na mbili. Mzima kabisa."

Sada alifumba macho. "Alhamdulillahi," akasema, machozi yakamtelemkia masikioni. "Nilijitisha bure. Basi naweza kurudi nyumbani?"

Mimi nilikuwa naangalia mkono ulio chini ya kidevu. Naona aibu kuandika hili, lakini kwa kitambo kidogo nilimfurahia. Nilimsahau Sada, nikamtazama yule mtoto niliyemjua, mzima, na moyo unaruka. Ndipo nikajiuliza kwa nini namjua.

"Levina," nikasema, "hebu inua mkono wako."

Aliuinua. Kile kifaa kikatoka tumboni kwa Sada, kikabaki hewani kinadondosha jeli. Kwenye kioo moyo uliendelea kupiga.

Levina alitazama kioo, akatazama mkono wake, akasoma jina kwenye kona. Sikumwona akishtuka. Alibonyeza, akalirudisha dirisha la mgonjwa, akashusha kifaa tumboni tena, na safari hii akapata moyo wa mtoto wa Sada. Ulipiga sabini na nne, kisha sabini, kisha ukasita.

"Mwite Daktari Fredy," aliniambia. "Mwambie sasa hivi." Kisha akamshika Sada bega. "Mama, nimekosea. Mtoto wako yupo hai lakini amechoka. Hutarudi nyumbani."

Tulimpasua Sada ndani ya nusu saa. Kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni mara mbili. Nilimpokea mimi, kwenye meza ile ile, karibu na bomba lile lile la maji, nikamsugua mgongo, nikamvuta makamasi, nikamwambia maneno yasiyofaa kuandikwa. Alikuwa wa kiume, na alichelewa kidogo, halafu akalia. Nilishika ukingo wa meza, nikakisikiliza kilio kile mpaka Daktari Fredy akaniuliza kama naumwa.

Niliporudi kwa Levina ilikuwa saa sita kasoro. Kina mama saba walikuwa wamekaa kwenye benchi nje wakisubiri kupimwa. Ndani yeye alikuwa amekaa mbele ya kioo, mikono mapajani, na mwanawe anacheza zile sekunde nane, tena na tena.

"Amelia," nikamwambia. "Ni dume, na kelele anazo."

"Ningemrudisha nyumbani," akasema. "Mama Beatus, ningemfuta yule dada jeli, nikamrudisha, na mtoto angemfia njiani. Kwa sababu wangu anapiga moyo."

Nikaokota kitambaa, nikafuta jeli iliyodondokea sakafuni.

Akasimamisha ile picha, akafungua fomu ya mwisho. Yale majibu matatu yakajipanga. "Nafunga leo," alisema. "Kwenye rejista uliandika mfu. Nimeisoma hiyo karatasi mara nyingi, najua mpaka ulipokosea tarehe ukakata. Nijaze hivyo hivyo?"

Ilikuwa inatosha kusema ndiyo. Kassian angebeba mashine, mimi ningestaafu mwakani na keki na kanga ya zawadi, na siri ingebaki kwangu na kwa Bibi Tekla, ambaye alishafariki. Nilifungua mdomo ili niseme ndiyo. Kilichokuja masikioni mwangu ni kilio cha mtoto, na sikujua tena ni cha yupi.

"Usijaze hiyo," nikasema.

Nikafunga mlango na kumweleza nikiwa nimesimama, maana ningekaa ningejionea huruma. Nilimwambia mtoto alitoka saa sita na dakika kumi mchana akiwa hai. Alilia mara mbili, sauti nyembamba kama ya mtoto wa paka, kisha pumzi ikawa inakuja na kwenda. Daktari wa wakati ule alikuwa anahangaika na damu ya mama. Mimi nilimpulizia mtoto hewa dakika kumi na mbili. Nilipoona anapoa nilikinga maji bombani kwa kiganja, nikambatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Jina lililonijia mdomoni ni la marehemu mama yangu. Nikamwita Serafina.

"Bibi Tekla alikuwa mlangoni, alisikia vyote," nikaendelea. "Mumeo alikuwa ng'ambo ya mto mkubwa, upande wa Ulanga, na Kivukoni hakuna aliyekuwa anavuka kwa yale maji. Nyumba yenu ya Lumemo ilikuwa na maji mpaka kitandani. Mtoto aliyelia angemsubiri baba yake, na matanga tungeyaweka wapi? Bibi Tekla akasema, sema hakulia, tumzike leo, itakuwa rahisi kwa huyu binti. Nikasema hakulia. Nikaandika hakulia. Nilijiambia nitakueleza maji yakipungua. Halafu nikasema ukipona kidonda. Halafu nikasema ukipata mwingine. Kila mwaka ulivyopita, neno lenyewe lilizidi kuwa zito kulinyanyua."

Levina alikuwa hanitazami. "Alikuwa na nywele?"

"Nyingi. Na mkono wake wa kushoto, kila nilipoushusha nimfunge, ulipanda tena kidevuni."

Akapeleka mshale kwenye "amezaliwa hai", akabonyeza. Mashine ikataka tarehe, akaiweka. Ikataka saa, akanigeukia, nikamtajia tena: saa sita na dakika kumi. Ikataka jina la mtoto, akaandika herufi moja moja, Serafina. Kisha ikakwama kama kawaida yake, ikafikiri, na zile wiki mia sita na kumi na mbili zikafutika. Mahali pake ikaandika wiki thelathini na saba na siku mbili. Uchunguzi umefungwa.

Ndipo Levina akalia. Alilia kile kilio cha msiba, cha kutaja jina, ambacho kwetu kinasikika mtaa wa tatu, na alikuwa amekiweka miaka kumi na moja. Bibi mmoja kwenye benchi alisimama ili aingie amnyamazishe, kama tulivyofundishwa. Nilifungua mlango kidogo, nikajaza nafasi kwa mwili wangu. "Kaa chini, bibi," nikamwambia. "Mwache. Amefiwa na mtoto wake." Hakuna aliyeuliza lini. Mama mmoja akajifunika kanga kichwani, na wengine wakamfuata.

Alipotulia aliniuliza swali moja tu. "Wapi?"

"Pale unapokalia kula."

"Siafu," akasema.

Ijumaa Kassian alihamisha picha, na Serafina akahama nazo, pamoja na mkono wake. Mashine ya zamani ilitolewa kwa mkokoteni. Jumamosi watu wa jumuiya yetu ya kanisa walikuja chini ya mfenesi na mikeka, padri akaja, na Amedeus, baba wa mtoto, akaleta msalaba mdogo aliouchonga mwenyewe. Nilimpa padri karatasi ya ubatizo niliyotakiwa kuipeleka mwaka 2014, na mganga mfawidhi, mkuu wa kituo chetu, nilikuwa nimeshampa barua ya kukiri nilichoandika kwenye rejista. Lipi litafuata sijui, na sijaomba kuhurumiwa. Nilikaa mwisho wa mkeka wa mwisho. Levina alilia tena, na Amedeus akalia naye. Uji ulipogawiwa, aliyeniletea kikombe ni Sada, ametoka wodini akitembea kwa kuinama, kidonda hakijapona. Yeye alikuwa hajui niliyoyafanya.

Jumatatu nilikuwa kwenye dawati langu mapema, naandika waliozaa usiku. Saa mbili kasorobo nilisikia viatu vya Levina kwenye sakafu, vikaja, vikafika mlangoni kwangu.

"Marahaba," nikasema.

Nilipoinua kichwa alikuwa ameshapita, na ndipo nilipogundua kwamba hakuwa ameniamkia.